Kioo cha Rangi ya Moshi

Kigoda alichokalia Ndambuki hakikuwa chake, na wanawake wa meza za kahawa hawakumpa nafasi ya kusahau. Kilikuwa kigoda cha mti wa muringa, cha miguu mitatu, na aliyekichonga ni Gathogo, nyapara aliyemtangulia. Gathogo alichukuliwa na askari asubuhi moja mwaka wa hamsini na nne, akapelekwa kizuizini, na sasa miaka mitatu ilikuwa imepita bila mtu kujua atarudi lini. Meneja alitaka nyapara. Akamwajiri Ndambuki, Mkamba wa upande wa Kilimambogo, mtu wa makamo, mpole, aliyeshika kazi ya kahawa tangu ndevu zake zilipoanza kuota. Siku ya kwanza Ndambuki alikikuta kigoda kichwani mwa meza ya kwanza, akakikalia kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Hakuna aliyemkataza. Ila wimbo uliokuwa ukiimbwa ulikatika, na tangu siku hiyo kila alipokaa, wimbo ulikatika.

Kwenye meza hiyo ya kwanza ndipo alipofanya kazi Wakonyo, mke wa Gathogo na mama wa Mburu.

Shamba lenyewe lilikuwa nje kidogo ya Ruiru, na huo ulikuwa mwezi wa Novemba, mavuno makubwa. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa juu ya meza ndefu za waya, ingali imevaa ganda lake la ndani, na ganda hilo likikauka huwa jeupe kama mfupa. Jua la saa nne likiipiga, meza nzima huwaka kama bati jipya. Wanawake husimama pande zote mbili wakichambua: iliyovunjika nje, iliyokatwa na mashine nje, na zaidi ya zote ile yenye doa la manjano, kwa kuwa punje moja ya namna hiyo ikipenya kwenye gunia huziharibia jirani zake ladha. Nyapara hupita nyuma yao, akachota kiganja hapa na kiganja pale, akatafuta walichoacha.

Zamani Ndambuki alisifiwa kwa kazi hiyo. Mwaka huu macho yalikuwa yamemgeuka. Weupe wa meza ulimtoa machozi tangu asubuhi hadi jioni, na akiinamia kiganja chake kuona punje, punje ziliyeyuka na kuwa uji. Alijaribu kunyoosha mkono ili aziweke mbali. Mkono ukawa mfupi.

"Nyapara analia tena," Wamboi alisema upande wa pili wa meza. Alikuwa msichana mwenye mdomo mwepesi, na alisema kwa Kiswahili makusudi, ili mwenyewe asikie. "Labda amekumbuka kwao."

"Mwache alie," Wakonyo akajibu bila kuinua kichwa. "Gathogo alikuwa akiona doa akiwa pale kwenye tangi la maji. Huyu hata akilala juu ya meza haoni."

Ndambuki alisikia. Hakujibu, kwa sababu maneno yalikuwa ya kweli, na hakuwa mtu wa kugombana na ukweli kwa vile tu umetoka katika kinywa cha adui.

Mwanzoni mwa mwezi lori zima lilirudishwa kutoka kinu cha Thika kwa ajili ya punje za manjano. Meneja, ambaye wanawake walimwita Kihara kwa ajili ya upara wake, alimwita Ndambuki mbele ya watu wote.

"Lori moja tena likirudi," alisema, "na wewe rudi kwenu. Nyumba nitampa mwingine."

Akawageukia wanawake akawaambia kwamba na wao wangekosa bakshishi yao ya mavuno. Kisha akaenda zake.

Usiku huo mkewe, Ndunge, alimuuliza kilichomsibu. Akamwambia. Ndunge alitazama watoto waliokuwa wamelala kando ya ukuta, akasema, "Kwetu mvua haijanyesha, Ndambuki. Hata mbuzi wanakula karatasi. Tafuta macho popote yanapouzwa."

*

Macho ya kwanza aliyapata sokoni Ruiru, siku ya Jumapili, baada ya kanisa.

Absalom alikuwa muuzaji wa kila kitu: sindano, vioo vya mkononi, viberiti vya petroli, na miwani ya jua iliyoning'inizwa kwenye kipande cha kadibodi. Alikuwa na ulimi mtamu kuliko wauza miwa.

"Kaka yangu!" alisema hata kabla Ndambuki hajasimama. "Haya macho mekundu ni ya nani? Ni ya mtu mwaminifu, anayefanya kazi juani wakati wengine wanalala. Njoo hapa. Vaa hii. Usiogope, kuvaa ni bure."

Zilikuwa miwani za rangi ya chai isiyotiwa maziwa. Ndambuki alizivaa, na jua likanyamaza. Hivyo ndivyo alivyomweleza mkewe baadaye: jua lilikuwa likipiga kelele, likanyamaza. Soko zima likapoa kama chini ya mti. Alisimama pale kwa muda, machozi yakakauka mashavuni.

"Unaona?" Absalom alisema. "Hiyo ni mali ya marubani. Rubani anakaa karibu na jua kuliko wewe, na hapofuki. Kwa wengine nasema shilingi tano. Kwako, tatu."

Ndambuki aliinama akatazama mikono yake. Ilikuwa na ukungu kama kawaida. "Vitu vya karibu bado sivioni vizuri."

"Ah, kaka! Macho yamechoka, ndiyo sababu. Yakipumzika wiki moja ndani ya kivuli hiki, yatarudi yenyewe."

Maneno hayo yalimpendeza Ndambuki, na jambo likimpendeza mtu haligeuzi mara mbili. Alitoa shilingi tatu.

*

Jumatatu alipofika kwenye meza amevaa miwani, hakuna aliyecheka. Alikuwa amejitayarisha kwa kicheko. Badala yake wanawake wote waliinamisha vichwa kwa pamoja, kama kuku waliopitiwa na kivuli cha mwewe, na Wamboi, ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, alinyamaza.

Ndambuki alipita nyuma yao. Kila aliyemkaribia alimgeuzia mgongo.

"Kuna nini?" aliuliza.

Wamboi alizidi kuinama juu ya punje.

Wakonyo ndiye aliyejibu. Aliinua uso akamtazama mahali macho yake yalipopaswa kuwa. "Sisi tunayajua hayo," alisema. "Wale wachongezi wa kwanza walivaa gunia kutoka kichwani hadi kiunoni, na matundu mawili tu. Tulipangwa mstari, wao wanapita. Akitikisa kichwa, mtu anachukuliwa. Tunawaita gakunia. Hatukuona uso. Tuliona matundu mawili tu." Akanyoosha kidole kwenye miwani. "Sasa yametiwa vioo."

"Mama Mburu, mimi naumwa na macho."

"Hata wao walikuwa na sababu."

Ndambuki alihisi hasira ikimpanda, jambo lisilokuwa la kawaida yake. Alikuwa ametoa shilingi tatu ili asiwaonyeshe machozi, na sasa alikuwa amekuwa mchongezi. Akachota kiganja kwenye meza ya Wakonyo, akakitazama kupitia vioo vya rangi ya chai. Punje zote zilikuwa na rangi moja, nzuri, ya dhahabu. Akachota kingine, hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kahawa ilionekana safi mbele yake.

"Hii imeisha," alisema. "Tieni kwenye magunia."

Wanawake walitazamana. Wamboi alifungua mdomo, na Wakonyo akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Umesema imeisha, nyapara?" Wakonyo aliuliza polepole.

"Imeisha."

"Mmesikia. Nyapara amesema imeisha. Tieni."

Wakaitia. Meza ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote zilimwagwa magunini kabla ya saa sita, na wanawake walikwenda kupumzika kivulini mapema kuliko siku yoyote. Huko kivulini waliimba, na Ndambuki, kwenye kigoda chake, alidhani wameanza kumzoea.

Siku iliyofuata meneja alifungua gunia moja kabla ya lori kupakiwa. Alitia mkono, akautoa, akaufunua. Alilipindua gunia zima miguuni pa Ndambuki, kahawa ikatapakaa vumbini.

"Lori linaondoka Jumamosi," alisema. "Yote yachambuliwe upya. Jumamosi nitafungua gunia lingine. Likiwa hivi, usiningoje niseme."

Alipokwisha kwenda, Wakonyo alichuchumaa, akaokota punje moja katika ile iliyomwagika, akamrushia Ndambuki kifuani. Ilimgonga ikaanguka katika mfuko wa koti lake.

"Vua hayo madude uangalie," alisema.

Alivua. Jua likamrukia usoni. Lakini katika kahawa iliyomwagika, hata kwa macho yenye machozi, aliuona sasa ukungu wa manjano umetapakaa katikati ya weupe kama mafuta juu ya maziwa. Miwani ya Absalom ilikuwa imezipaka zote rangi moja, nzima na mbovu, na yeye akaita rangi hiyo usafi.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua. Sote tulijua."

"Na bakshishi yenu je? Mmejikata wenyewe."

"Bakshishi!" Wakonyo alicheka kicheko kikavu. "Nimechukuliwa mume, Mkamba. Unanitisha na bakshishi?"

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwenye macho huambiwa tazama. Wewe ulikuwa na madirisha tu, na mapazia yamefungwa."

*

Alhamisi lori la shamba lilikuwa linakwenda Thika kuchukua magunia matupu. Ndambuki aliomba ruhusa apande nyuma. Ndunge alimpa pesa alizokuwa ameziweka kwa ajili ya mabati, akamwambia asirudi na maneno matamu tena.

Usiku kucha alikuwa amewaza kosa lake, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayefumua sweta kutafuta uzi uliokatika. Alikuwa amenunua miwani kwa kutazama soko. Kazi yake haikuwa kutazama soko. Kazi yake ilikuwa kahawa, basi miwani ilipaswa kujaribiwa kwa kahawa. Na hapo palikuwa na tatizo jingine: kuchagua punje nzuri na mbovu za kwendea nazo kulihitaji macho, na macho ndiyo aliyokuwa akienda kuyatafuta.

Alfajiri, kabla ya lori kuondoka, alimwendea Wakonyo kwenye meza. Alikwenda bila miwani.

"Nipe punje," alisema. "Nusu nzuri, nusu za manjano. Nataka kuzijaribia miwani."

Wakonyo aliinamia meza. Akachambua, vidole vikiruka kama mdomo wa kuku anayedona, akafunga punje katika kitambaa, mafungu mawili, moja likiwa na fundo.

"Za fundo ndizo mbovu," alisema. "Nenda."

*

Duka la miwani lilikuwa katika mtaa wa maduka ya Wahindi, kati ya fundi wa saa na muuza vitambaa. Mwenyewe aliitwa Ratilal, mtu mwembamba, amevaa kioo cha kukuzia kwenye paji la uso kama jicho la tatu. Alipomwona Ndambuki mlangoni na koti lake la vumbi, alisema, "Ngoja nje. Kuna mtu."

Hakukuwa na mtu. Ndambuki alitazama duka tupu, akangoja nje. Baada ya muda Ratilal akapaza sauti, "Haya, ingia! Usiguse kitu."

Ndambuki aliweka miwani ya Absalom juu ya kaunta. "Nilinunua hii. Imenidanganya."

Ratilal aliishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Akaishikilia mbali na uso, akaipitisha polepole mbele ya nguzo ya mlango. "Tazama ndani ya kioo. Nguzo yangu imefanya nini?"

Ndambuki alitazama. Nguzo ilijipinda katikati, ikanyooka, ikajipinda tena.

"Imelewa," Ratilal alisema. "Nguzo hii ni ya mbao ngumu, haijawahi kunywa pombe. Kioo kizuri ukikipitisha, nguzo inabaki nguzo. Wewe umenunua chupa ya soda. Sasa unakuja hapa kunipotezea wakati, mwisho utasema Muhindi ni ghali."

"Bado hujataja bei, na umeshagombana nami juu yake."

Ratilal alimkazia macho, kisha akavuta droo. Alimpa gazeti asome, akambadilishia vioo mbele ya macho kimoja baada ya kingine, akigomba kila mara: usikunje uso, usisogeze kichwa, nani kakwambia usogeze kichwa? Ghafla herufi zikasimama. Ndambuki aliona hata nyuzi za karatasi. Akauona ukucha wake mwenyewe, na uchafu uliokuwa chini yake, akauficha.

"Macho ya mzee," Ratilal alisema. "Hayapumziki yakarudi. Aliyekwambia yatarudi ni mwongo. Unataka namba ya kuonea karibu, ndani ya kioo cha giza. Ninazo za aina nyingi."

Alitoa kwanza iliyo ghali. Akachukua miwani mbili za aina hiyo, akaziweka moja juu ya nyingine, akaigeuza moja ikae wima, na kioo kikawa cheusi kabisa. "Hii inaua mng'ao wa maji," alisema. "Tazama beseni lile." Kulikuwa na beseni la kunawia karibu na dirisha, na maji yake yalikuwa yakimeta kwa nuru. Ndambuki alipovaa, mmeto ulitoweka, akaona maua yaliyochorwa chini ya beseni. Alishtuka. Alizivua, akazivaa tena.

"Shilingi sitini. Wazungu wanaovua samaki mto Chania wananunua hii."

"Inayo namba ya karibu?"

"Hii haina. Nitaagiza Nairobi, mwezi mmoja."

"Mimi sivui samaki," Ndambuki alisema, ingawa ilimuuma kuzirudisha. "Kahawa yangu imekauka. Nionyeshe nyingine."

Ratilal alikoroma kidogo, lakini alionyesha nyingine: za kijani, za bei nafuu, zenye namba. Ndambuki alifungua kitambaa cha Wakonyo juu ya kaunta, akakipeleka mlangoni penye jua, akatandaza mafungu mawili bega kwa bega. Akavaa za kijani. Katika fungu la fundo aliona vivuli, doa hapa, doa pale. Hizi zilionyesha ubaya!

"Hizi ndizo," alisema.

"Hizo?" Ratilal alikuja akasimama nyuma yake. Angeweza kunyamaza akachukua pesa. Baadaye Ndambuki alilifikiria sana jambo hilo. "Wewe mtu, sogeza kichwa."

"Hapo ndani uliniambia nisisogeze."

"Sasa nasema sogeza! Doa linakaa au linahama?"

Ndambuki alisogeza kichwa. Doa lililokuwa juu ya punje moja liliteleza likakalia punje nyingine. Akasogeza tena, likateleza tena. Liliingia hata katika fungu la punje nzuri.

"Doa haliko kwenye kahawa," Ratilal alisema. "Ni povu ndani ya kioo. Ndiyo maana ni rahisi. Ukivaa hiyo utaona ubaya kila mahali, mpaka kwenye uso wa mama yako. Jaribu hii."

Alimpa kioo cha rangi ya moshi, kijivu tu, kisichovutia kwa lolote. Ndambuki alivaa. Jua likatulia, lakini rangi za mtaa hazikubadilika: kitambaa chekundu cha duka la jirani kilibaki chekundu, baiskeli ya kijani ilibaki ya kijani. Akainamia punje. Alizigeuza moja moja. Fungu la fundo lilikuwa jeupe, safi. La pili lilikuwa jeupe, safi.

"Hizi hazionyeshi kitu," alisema, na sauti yake ikapanda. "Nusu ya hizi ni mbovu. Nimeambiwa na mtu mwenye macho. Miwani yako inaficha kama ya sokoni."

"Miwani yangu haifichi! Aliyekupa ndiye mwongo!"

"Unamtukana mtu usiyemjua."

"Na wewe unatukana kioo unachokijua sasa hivi! Toka dukani!"

Lakini Ndambuki hakutoka. Alisimama pale mlangoni, kitambaa mkononi. Alikuwa na maneno ya watu wawili, na wote wawili hawakumpenda. Aliomba kioo cheupe kisicho na giza, chenye ile namba ya karibu. Ratilal alikisukuma juu ya kaunta kwa ghadhabu. Ndambuki aliingia kivulini, mahali pasipo mwanga mkali, akazitazama punje zote tena bila haraka.

Zote zilikuwa nzuri. Wakonyo hakuweka mbovu hata moja.

Joto lilimpanda shingoni. Alitaka nirudi na kioo kibovu, aliwaza. Alitaka nitafute kioo kitakachoonyesha doa ambalo halipo, nikinunue, nifukuzwe. Kisha akakumbuka. Alitia mkono katika mfuko wa koti, chini kabisa penye vumbi na makapi, akaitoa punje aliyorushiwa kifuani. Akaitupa kati ya zile nzuri, akafumba macho, akazichanganya. Alipovaa kioo cha moshi juani, aliiona mara moja, ya manjano kama jino la mvuta tumbaku. Alivaa ya Absalom, ikapotea. Alivaa ya moshi, ikarudi.

"Bei gani?" aliuliza.

"Arobaini."

"Hata kwa mtu uliyemfukuza dukani?"

"Kwa huyo ni hamsini."

Wakavutana. Ratilal alisema kioo hakipungui hata senti, kwa kuwa kioo ndicho macho. Ndambuki alifikiri, akakubali kwamba ni haki, akauliza juu ya fremu. Fremu nayo si macho, alisema. Ratilal alitoa kopo la fremu kuukuu, akachomoa moja nyeusi, imara, ambayo mkono wake mmoja ulivunjika ukabadilishwa na wa rangi ya kahawia.

"Hii hakuna anayeitaka. Thelathini, na nikukatie vioo sasa hivi. Ukicheka unalipa arobaini."

Ndambuki hakucheka.

*

Ijumaa asubuhi alifika kwenye meza na miwani yake. Vichwa vilianza kuinama, kisha Wamboi akauona ule mkono wa kahawia.

"Ngai!" alipiga kelele. "Gakunia gani huyu wa viraka! Serikali imeishiwa mpaka inamshonea mchongezi miwani ya vipande?"

Kicheko kililipuka kutoka meza hadi meza. Hakikuwa kicheko cha upendo, lakini migongo iligeuka ikawa nyuso. Wakonyo peke yake hakucheka.

Ndambuki alimwendea, akafungua kitambaa mbele yake. Kwanza alivua miwani, akaishika mkononi, ili amtazame kwa macho yake mwenyewe, mekundu na yenye maji.

"Ulinipa nzuri tupu," alisema.

"Nilikupa."

"Ulitaka nifukuzwe."

Wakonyo alizitazama punje. "Nilitaka nione utarudi na nini," alisema. "Gathogo hakula kiapo chochote cha watu wa msituni. Alikuwa akichonga vigoda. Mtu mmoja ndani ya gunia alimtazama akaona doa ambalo halikuwepo, akatikisa kichwa. Basi. Nikasema, acha nimpe huyu Mkamba kahawa safi, nimwambie ni chafu. Akirudi na miwani inayoona uchafu ndani yake, nitajua ni mtu wa namna gani, na nitamfanyia vibaya zaidi ya hapa."

"Na nisiporudi nayo?"

"Umerudi na ipi?"

"Inayoziona zote nzuri. Isipokuwa hii," alisema Ndambuki, akaiweka ile ya manjano pembeni. "Hii ulinirushia wewe."

Wakonyo aliiokota, akaing'ata, akaitema. "Kaziangalie meza," alisema. "Kesho si mbali."

Walichambua siku nzima, na hawakuimba. Ndambuki alipita nyuma yao akichota, akiinama, akiona. Kwenye meza ya Wakonyo alipata punje moja tu, akamwekea mbele. Wakonyo aliigeuza, akatafuta mahali pa kubishia, hakupata, akaitupa chini. Kwenye meza ya Wamboi alipata nyingi, na Wamboi alimwita majina ya kwao ambayo Ndambuki aliyaelewa kuliko alivyofikiri.

Jumamosi Kihara alikuja. Alifungua gunia la kwanza, akatia mkono hadi kwenye kiwiko, akautoa. Akafungua la pili. Alisimama juani akigeuza kahawa kiganjani kwa muda ambao Ndunge, aliyekuwa akitazama kutoka mlangoni mwa nyumba ya shamba, alidhani hautaisha. Kisha akafuta mkono kwenye suruali.

"Pakieni," alisema, akaenda zake.

Hakuna aliyeshangilia. Magunia yalipakiwa, lori likaunguruma kuelekea Thika, vumbi likatua juu ya meza tupu. Ndambuki alikaa kwenye kigoda cha muringa, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka. Wakonyo alikuwa akikunja turubai. Alikuja akasimama mbele yake.

"Hicho ni cha Gathogo," alisema.

"Najua."

"Siku akirudi?"

Ndambuki alivua miwani kabla ya kujibu. Aliikunja, mkono mweusi kwanza, kisha wa kahawia.

"Kigoda ni chake, nitainuka," alisema. "Kazi sitaitoa. Nina watoto."

Wakonyo alitema mate kando, si karibu sana na mguu wake.

"Angalau hilo umelisema ukiwa na uso," alisema, akarudi kwenye turubai lake.